Paka wa Bure

Hapa Mutaho mtu hatoi faranga zake kwa ajili ya paka. Ng'ombe akikohoa, daktari wa mifugo anaitwa hata usiku. Paka ajitegemee, roho anayo, tena ya paka.

Wetu, Mama Pili, alijitegemea kupita kiasi. Paka jike hubeba mimba miezi miwili tu, na wiki chache baada ya kuzaa, wana wangali wananyonya, yuko tayari kuanza upya. Tena mimba moja yaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Ndani ya sanduku la vitenge la mke wangu tulikuta mweusi, wa rangi ya chungwa na mwingine ambaye hakuna jirani aliyekubali kumtambua.

Nikimlalamikia imamu, hunikumbusha Abu Huraira, sahaba aliyepata lakabu yake kwa sababu ya kipaka. Nikimwambia basi achukue mmoja, anakumbuka ana mazishi.

Nikamwita daktari wa mifugo. Alifika na pikipiki, begani koleo refu la kuhasia mafahali, lile linalobana mishipa bila kutoa damu. Wanangu wakatoka mbio.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Akamtazama paka, akalitazama koleo.

"Mzee, huyu ni jike."

Jike, akasema, hulazwa kwa dawa ya usingizi na kupasuliwa tumbo. Mtu wa kazi hiyo nimtafute Gitega mjini. Bei aliyokisia ingeninunulia beberu.

"Baba Saidi," mke wangu akadakia, "beberu hazai sandukuni."

Daktari akaona basi angalau amkague. Mama Pili akamzamishia meno kidoleni.

"Amechanjwa kichaa cha mbwa?"

Mke wangu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama paka.

Daktari aliosha kidonda kwa maji na sabuni robo saa nzima. Kipande chetu cha sabuni kikaishia hapo. Kisha akaenda hospitali kuanza sindano, ambazo huwa zaidi ya moja, na hakuwa na nia ya kujilipia. Paka naye afungiwe ndani siku 10: akizimaliza akiwa mzima, hakuweza kuambukiza kichaa alipong'ata.

Basi Mama Pili akala ndagala, sisi tukala maharage. Asijedhoofika, daktari akadhani ni ugonjwa! Nje dirishani madume walijipanga wakiimba hadi adhana ya alfajiri.

Alitoka mzima, na daktari pia. Kwa gharama ya kidole kile ningewachanja paka wa mtaa mzima.

Sasa keshachanjwa, na miadi ya Gitega ipo. Tunangoja tu wana waache kunyonya. Ewe msomaji, ukipita njia ya Mutaho, njoo na kikapu uchague wako. Chanjo yake nalipa mimi.