Nawa Mikono Kabla ya Kurusha

Kutazama mpira hapa Kulesa, kwenye delta ya mto Tana, si shughuli ya kukurupuka. Sharti upate umeme, au sola iliyoshiba jua tangu asubuhi. Upate dishi ambalo mbuzi hawajalifanya mahali pa kujikunia. Kisha upate mwenye nyumba asiyeona uchungu watu thelathini wakiukalia mkeka wake. Hivyo vikishapatikana, vinabaki vitu viwili vya kukuharibia karamu: karai la mafuta na simu. Nimeviweka katika mwongozo mmoja kwa sababu huku kwetu hushikwa na mkono mmoja, tena kwa wakati mmoja.

Tuanze na karai. Mwenyeji asiye na uzoefu huwa anataka kuiga karamu alizoziona kwenye matangazo ya televisheni, penye pizza na vikombe vyenye barafu. Pizza ya karibu itoke Malindi, na ikifika Garsen itakuwa imepita utoto, ujana na uzee. Achana nayo. Kaanga viazi karai. Chemsha viazi viive bila kuvunjika, kwa kuwa kiazi kilichoiva kupita kiasi hupasukia karaini na kukuachia uji wa manjano usio na jina. Koroga unga wa ngano na chumvi, pilipili na bizari ya manjano, mpaka uwe mzito wa kushika kiazi kama tope la Tana linavyoshika gambuti. Mafuta yasipopata moto sawasawa, kiazi kitayanywa yote. Yakizidi moto, utapata kitu cheusi nje na baridi ndani. Ukwaju uloweke mapema, uukamue, uutie chumvi, pilipili na sukari kidogo. Mgeni akimaliza viazi akaanza kulamba bakuli la ukwaju, umefaulu.

Lakini viazi hutoka bara, na bei yake hupanda bila kuaga. Mwenyeji mwenye akili hutazama mto umempa nini. Ndizi mbichi zipo. Zimenye, zikate duara nyembamba, ziloweke kwenye maji ya chumvi zisiwe nyeusi, zikaushe kwa kitambaa, kisha zitose mafutani. Na maembe yakiwa msimu, huna sababu ya kuwasha jiko: embe bichi, chumvi, pilipili ya unga, basi. Mlaji atakunja uso hata timu yake ikiwa inaongoza, na wewe utajua ni embe wala si mwamuzi. Ajabu ni kwamba Kombe la Mataifa ya Afrika siku hizi limezoea kuchezwa Januari, maembe yakiwa tele, ila Kenya haijashiriki tangu 2019. Kwa hiyo tumekula maembe yetu tukishangilia watu wengine.

Sheria ya karai ni moja: usikaange mpira ukichezwa. Tarehe 10 Agosti 2025, kwenye CHAN, Harambee Stars walikuwa wanapambana na Morocco pale Kasarani, nami nikajipa moyo kwamba naweza kugeuza bajia kwa mkono wa kulia na kutazama kwa jicho la kushoto. Dakika ya 42 Ryan Ogam akafunga. Sikumbuki nilichofanya baada ya hapo, ila najua mwiko ulipatikana kesho yake nyuma ya choo. Kabla ya mapumziko tukapewa kadi nyekundu, kipindi cha pili kizima tukacheza watu kumi, na hakuna aliyethubutu kurudi jikoni. Tulishinda 1-0. Bajia zilikuwa makaa, na tulizila hivyo hivyo.

Jambo jingine, wimbo wa taifa ukipigwa usimwamshe anayesinzia. Sauti ya wimbo ule ilichukuliwa kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto. Taifa zima husimama wima, mkono kifuani, kwa bembelezo letu. Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima, ndiye pekee anayeutumia kwa kazi yake ya asili: filimbi ya kwanza humkuta amelala fofofo.

Sasa simu. Hapa nitakupa ushauri ambao watu wengi tayari wanaufuata, kwa hiyo hautakusumbua.

Ukifika tu, kabla hujasalimia, piga picha ya sahani na ya wote walioizunguka, uiweke kwenye grupu la kijiji. Usiulize mtu. Pembeni yuko bwana aliyeaga nyumbani kwamba anakwenda kikao cha mradi wa maji. Nyuma yake yuko anayedaiwa na nusu ya grupu, mdomo umejaa bajia. Picha moja, kesi mbili, na wewe umetumia bando la shilingi ishirini tu.

Pili, tangaza bao kabla wenzako hawajaliona. Mpira unaotazamwa kwenye simu huchelewa nyuma ya dishi, wakati mwingine kwa nusu dakika na zaidi, kwa sababu picha husafiri vipande vipande na simu huvikusanya kwanza. Kwa hiyo jirani mwenye dishi akipiga kelele, mpira wako bado uko katikati ya uwanja. Ukiweza kumwandikia mwenye simu neno "GOLI" wakati huo, utakuwa umemwibia kitu kisicholipika. Dawa ya mwenye simu ni kuzima kengele zote, au kubeba kiti aende kwa jirani.

Tatu, sambaza kila linalokufikia. Hapa inabidi nieleze habari ya mabuyu.

Jioni moja, mechi ikiendelea kwetu, simu ya shangazi ilituma picha kwenye grupu: maji hadi madirishani, na maneno kwamba mto umevunja kingo, watu wahame usiku huo huo. Wengine walianza kufunga magodoro. Mmoja alikwisha mpakia bibi yake kwenye bodaboda. Shangazi hakuwa ameigusa simu yake. Alikuwa anagawa sahani. Akaitwaa, akaitazama kwenye mwanga wa taa, akaona alama za vidole vyekundu kwenye kioo. Akasema kwa upole wa kutisha: "Wanangu, nionyesheni mikono." Mpwa wangu, aliyekuwa na mfuko wa mabuyu mapajani, akaificha yake mgongoni, na ulimi wake mwekundu ukaeleza yaliyobaki. Picha yenyewe ilikuwa ya zamani. Duka lililoonekana pale lilikwisha bomoka siku nyingi.

Kilichonishangaza ni jinsi ilivyokuwa rahisi kuhakikisha. Maji ya Tana hupita Garissa, yakapita Hola, ndipo yatufikie sisi. Hayana njia ya mkato. Ukiambiwa mafuriko yanakuja usiku huu, mpigie ndugu aliye Hola umuulize mto ukoje. Simu moja inatosha kukuambia ubebe godoro au uendelee kutazama penalti. Mtoto yule alikuwa na dakika za kupiga. Alichokosa ni mazoea.

Na hapa naweka mzaha chini kidogo. Delta hii inajua uvumi unavyoua. Agosti 2012, kijijini Riketa, zaidi ya watu 50 waliuawa kwa siku moja, na mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yakaendelea hadi mwaka uliofuata. Uvumi wa nani anajiandaa kumvamia nani ulitembea kwa simu na kwa midomo, ukifika kabla ya ukweli. Ndiyo maana baadaye shirika la Sentinel Project la Kanada lilianzisha huku mpango ulioitwa Una Hakika. Mtu alituma ujumbe au kupiga simu kueleza alichokisikia, watu wa kujitolea vijijini wakaulizia, kisha jibu likarudishwa. Hakukuwa na uchawi wowote ndani yake, ni lile swali ambalo mabibi zetu wamekuwa wakituuliza tangu utotoni.

Kwa asiyeguswa na hilo, nina hesabu. Sheria ya makosa ya kompyuta, ilivyopitishwa mwaka 2018, iliweka kwa habari za uongo zenye kuleta taharuki faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 10. Kiazi karai kikiwa shilingi 10, hiyo ni viazi laki tano. Hata Kulesa nzima ikialikwa, pamoja na mbuzi, haiwezi kuvimaliza.

Mechi ijayo ni kwetu tena. Njoo na kiti chako na pilipili yako. Mabuyu yameruhusiwa, ila mwenye mabuyu ataikabidhi simu kwa shangazi mlangoni, na atarudishiwa baada ya kunawa.