Salfa ya Mama Mkwe

Ua wangu wa hibiskasi una urefu wa mita 12, na nilikuwa nauringia kuliko nyumba yenyewe, ambayo upande wa nyuma haijapigwa plasta mpaka leo. Asubuhi moja ya Agosti, nikisubiri maji yajae pipani, nikaona ncha za matawi zimejikunja na majani yamekuwa meupe, utadhani kuna mtu kapita usiku na chekecheo la unga.

Nikapiga picha. Sikugusa jani, nilipiga picha tu, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukweni. Hapo ndipo nilipokosea. Ukweni kwangu ni Newala, na mtu wa Newala ukimwonyesha kitu cheupe juu ya jani hana swali la pili. Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huo ubwiri unga. Tafuta salfa."

Mama mkwe kakulia chini ya mikorosho. Ubwiri unga, ambao ni kuvu, uliingia kwao mwishoni mwa miaka ya 1970, ukawa unakausha maua ya mikorosho hata korosho hazifungi. Tangu hapo, msimu ukifika, watu hubeba mashine mgongoni alfajiri kupuliza salfa wakati umande ungalipo. Mimi nakaa Dar es Salaam na sina hata mche wa mkorosho. Lakini mkwe habishi, hasa mkwe ambaye mahari bado anadaiwa.

Kwenye duka la pembejeo, salfa haipimwi kwa kijiko. Mfuko ni kilo 25.

"Una ekari ngapi, mzee?" muuzaji aliniuliza.

"Kidogo tu," nikasema.

Mashine sina, kwa hiyo nilitia salfa kwenye soksi, nikawa naipigapiga juu ya majani. Kusi ilikuwa inavuma, na jirani alikuwa ameanika mashati meupe ya shule. Jumatatu watoto wake watatu walikwenda darasani wamevaa rangi ya shule nyingine.

Nikaona bora niyaoshe majani. Nikamimina nusu pakiti ya sabuni ya unga kwenye ndoo ya maji ya kisima chetu, maji yenye chumvi ambayo chai yake mgeni hamalizi kikombe. Majani yalipokauka yakazidi weupe. Sasa nilikuwa na weupe wa asili, weupe wa sabuni na weupe wa chumvi, na sikujua tena upi ni ugonjwa na upi ni dawa.

Wiki hiyo mama mkwe akaja mjini, kliniki ya macho. Hata maji hajanywa, akaenda moja kwa moja uani. Akachuma jani, akaligeuza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, akalisugua kwa kidole gumba. Kidole kikatoka na majimaji ya rangi ya waridi.

"Baba, ubwiri ukiupangusa unatoka mkavu kama sembe. Hivi vinapasuka. Ni vidung'ata."

Vidung'ata ni wadudu wanaofyonza utomvu na kujifunika nta nyeupe kama pamba. Kwao salfa yangu ilikuwa poda ya kutokea. Mama akanionyesha sisimizi wakipanda shina kwa foleni: hulamba majimaji matamu ya vidung'ata, nao huwalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Kumbe muda wote huo nilikuwa na ranchi, na wachungaji wake wakipita juu ya kandambili zangu.

Tukakata ncha zote zilizojikunja, tukazichoma. Jioni, kwa kuwa siku hiyo bomba lilitoa maji, nikapulizia matawi yaliyobaki maji yenye sabuni ya maji, vijiko viwili vya chai kwa lita, nikilenga chini ya majani, na nikarudia kila wiki. Mashina nikayazungushia vitambaa vyenye grisi, wachungaji wakwame njiani.

Akinawa mikono, mama akauona mfuko nyuma ya mlango, ukiwa na kilo 24 na ushei.

"Salfa yote hii ya nini? Nani alikwambia ni ubwiri?"

Jikoni, mke wangu akapaliwa na kikohozi.

"Fundi mmoja wa maua, mama."

"Huyo fundi asikanyage tena hapa," akasema, akavua viatu, akaingia ndani, akakaa wiki tatu.