Shahidi Mwenye Kikoi

Asubuhi ya leo muuza maandazi wa pale kona, bibi ambaye sijapata kumvunjia adabu, amekataa kunikopesha, na alipokwisha kukataa akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi genge la pili: "Baba, umetoka kwa dhamana au kesi imefutwa?" Waliokuwa wakinywa chai wakanitazama kwa ile huruma imfedheheshayo mtu kuliko tusi.

Kisa chenyewe ni difenda la polisi lililosimama wiki iliyopita, saa saba za usiku, mbele ya nyumba ya jirani yangu, taa zimezimwa na injini ikinguruma. Nami, nisiyeweza kulala penye jambo nisilolijua asili yake, nikatoka na kikoi na fulana, nikalipanda pipa la maji lililo ukutani petu, si kwa umbeya, bali kwa hadhari ya mwenye nyumba apendaye kujua balaa limeelekea wapi. Kifuniko cha pipa kilikuwa cha plastiki. Nilipokwisha kuzama hadi kiunoni, tochi ikanimulika usoni, na afande mmoja akasema kwa upole: "Shikamoo mzee. Tunahitaji shahidi."

Upekuzi, kwa wasioujua, ni ibada yenye nguzo zake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ya mwaka 1985, yataka askari achukuaye kitu atoe stakabadhi, nayo itiwe saini na mwenye nyumba pamoja na mashahidi wakiwapo. Mjumbe wa nyumba kumi, cheo tulichokirithi tangu zama za TANU, huamshwa aje kutazama. Na hati ya upekuzi hutekelezwa baina ya mawio na machweo, ila mahakama ikiruhusu saa nyingine. Nilipomkumbusha afande habari ya machweo, alinijibu kwamba ruhusa ipo, kisha akanyoosha mikono juu, akanitaka nimpekue yeye kwanza, isije ikasemwa kwamba kitakachoonekana ndani kimepandikizwa. Basi mimi, maji yakinichuruzika, nikampapasa mtumishi wa dola mfuko kwa mfuko: filimbi, kalamu, na kashata iliyofungwa katika kipande cha gazeti. Kashata nikamrudishia kwa taadhima. Sijapata kupewa kazi adhimu kama ile.

Chini ya kitanda zilitolewa nyaya za shaba, zikapimwa kwa futi na kuandikwa moja moja, nami nikatia saini iliyolowa ikasambaa hadi kwenye jina la mjumbe. Ikabidi twende kituoni kuiandika upya na kutoa maelezo. Mtuhumiwa, kwa kuwa ana mguu mbovu, aliketi mbele na dereva. Mjumbe akasema atafuata kwa miguu. Mimi nikapakiwa nyuma, baina ya askari wawili wenye bunduki, na kikoi changu. Waliokuwa wakitoka kuswali alfajiri wakaona, wakahukumu, wakaenda zao.

Walakini si hilo liniumizalo. Mwaka jana nilipoibiwa pampu ya maji, nilikwenda kituoni mwenyewe, nikaandikiwa namba ya RB, nikaambiwa gari halina mafuta, na kama nina haraka nichangie. Nikachangia. Gari halikuja, wala aliyeipokea fedha hakunijua tena nilipomrudia. Difenda la usiku ule lilinguruma tangu saa saba hadi karibu na adhana pasipo mtu kuombwa hata senti ya mafuta, ilhali mimi hadi leo nachota kwa ndoo katika pipa ambalo nisingekuwa nalo kama pampu ingetafutwa, na ambalo sasa halina hata kifuniko.

Jana usiku king'ora cha polisi kilipolia, mke wangu aliufunga mlango, akauweka ufunguo chini ya mto, akaulalia. Dirisha la msalani halina nondo.