Bustani ya Sifa Kwenye Mchanga wa Kigamboni

Umehamia kwako, hongera. Sasa chota udongo wa uani, ufumbate, kisha uachie. Ukimwagika wote na kiganjani kikabaki kizibo cha soda na kipande cha tofali, basi una kiwanja cha kawaida cha Kigamboni: mchanga, na kifusi alichokuachia fundi. Usihangaike. Udongo uache ulivyo, tafuta mboga isiyojali.

1. Kabichi isahau. Najua uliiona Lushoto ukaitamani. Ile imezoea baridi na inakula samadi bila haya. Kwako itatoa majani mawili yenye matundu, na jirani atauliza ni dawa ya nini. Nyanya nayo iache: ikipata maji leo na kukosa kesho, tunda linaoza kitako, na aibu hiyo haifichiki.

2. Panda matembele. Hapa ndipo hila yetu ilipo. Omba marando kwa jirani, ya urefu wa sentimita 30 hivi, fukia pingili mbili tatu, mwagilia jioni. Yatalegea siku za mwanzo; nenda zako ndani. Yakishika, kila ukichuma ncha yanachipua pembeni, kwa hiyo ulafi wako unahesabika kuwa utaalamu. Mgeni akisifu, sema kwa upole, "Huwa nayapogoa."

3. Kunde. Bakteria walio kwenye vifundo vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani, wewe umelala. Ng'oa mche mmoja mbele ya mashahidi, pasua kifundo kwa ukucha, uwaoneshe uwekundu wa ndani: ndiyo dalili kwamba kazi inaendelea. Tamka "naitrojeni" polepole. Hatauliza mtu swali la pili. Kwamba mbegu zikikomaa huondoka na sehemu kubwa ya hiyo naitrojeni, hilo baki nalo.

4. Mlonge: kata tawi nene, chomeka. Imetosha.

5. Ukitaka kisamvu, muhogo utavumilia mchanga wako, ila jikoni usilete ujanja. Majani mabichi yana sumu. Twanga, chemsha hadi yaive kabisa. Mkwe akiumwa tumbo, hakuna naitrojeni ya kukuokoa.

6. Mchicha unataka chakula, na mchanga hauhifadhi. Kwa hiyo tengeneza tuta moja tu, pale getini, samadi yote imwage hapo. Ya kuku iwe imeoza. Mbichi inaunguza miche. Picha zote pigia hapo. Mwezi hauishi, unachuma.

Wageni waje asubuhi, maana saa saba mchana matembele yote yamelala. Na kwa tahadhari, fungu moja la mchicha wa sokoni liwe ndani ya ndoo jikoni. Ile kamba yake itupe mbali, jalala la mtaa wa pili. Wengi wameumbuliwa na kamba.