Mwongozo wa Buti Nyepesi kwa Wapenda Malengelenge

Mvua za masika zikikatika, watu wa mjini hukumbuka kwamba nchi ina milima. Wa Dar es Salaam huanza kutaja Uluguru na Udzungwa, wa Nairobi hutaja Longonot na vilima vya Ngong, na wote, kabla hawajaulizia njia wala maji, hukimbilia kununua buti. Wachache wana mpango wa kuwinda kanga na wanataka buti hiyo hiyo ifanye kazi zote mbili. Mwongozo huu ni wao. Ukiufuata bila kuruka hatua, utarudi na kucha mbili nyeusi, malengelenge ya kugawia jirani, na simulizi ya kukalia vikao hadi masika mengine.

Tuanze na sura. Buti ya maana ni ile inayopendeza pichani: ngozi nene, ndoano za kupitishia kamba, soli yenye meno makubwa. Iwe nzito, muuzaji akiiweka mezani watu wageuke. Usisumbuliwe na ule usemi wa wapanda milima kwamba uzito wa mguuni ni sawa na mara tano yake mgongoni. Ni kweli kwamba watu wamewahi kutembezwa maabara huku pumzi zao zikipimwa, na majibu hayakuwa mbali na usemi huo, lakini wale hawakuwa wanapiga picha. Jozi ya buti za ngozi za mlimani hufika kilo moja na nusu na kupita. Za kitambaa, zile nyepesi, huwa chini ya kilo moja. Nusu kilo ni kitu gani? Pale Longonot utapanda hadi ukingo wa kasoko, kisha uuzunguke wote, kilomita 7.2, juu chini juu chini katika vumbi la majivu ya volkano. Nusu kilo hiyo utaiinua kila hatua mbili, robo kwa kila mguu, na hakuna wa kukupokea.

Jambo la pili, dai buti isiyopitisha maji. Hapa wauzaji watakusaidia sana, maana lebo ya Gore-Tex hushonwa mahali pa kuonekana. Asili ya kitambaa hicho kisichopitisha maji inavutia. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore alivuta kwa ghafla kipande cha plastiki aina ya PTFE kilichopashwa moto, nacho kikarefuka bila kukatika, kikabaki kimejaa vitundu visivyohesabika. Vitundu hivyo ni vidogo mno kwa tone la maji, ila mvuke wa jasho hupenya. Hupenya kwa sharti moja ambalo lebo haina nafasi ya kulieleza: ndani ya kiatu pawe na joto na unyevu kuliko nje. Kwenye baridi ya Ulaya sharti hilo hutimia lenyewe. Sasa ipeleke buti hiyo bonde la Kilombero, saa nane mchana, hewa imelowa na mgongo unachuruzika kabla hujashuka kwenye gari, halafu uniambie mvuke utatoka kwenda wapi wakati nje nako kumejaa mvuke.

Kisha utafika kijitoni, kwa sababu kwenye misitu ya Udzungwa vijito havikosekani. Maji yataingia kwa juu, pale pale mguu unapoingilia, na kile kitambaa kilichosifiwa kwa kuyazuia yasiingie kitayazuia yasitoke. Kiatu cha wavu kingelowa papo hapo na kukauka ukiwa njiani, lakini hicho hakina lebo ya kumwonyesha mtu. Jeshi la Marekani lililielewa jambo hili Vietnam: buti zake za msituni zilikuwa na nailoni sehemu ya juu na vitundu viwili vyenye wavu ubavuni, karibu na soli, ili maji yapate pa kutokea. Buti za namna hiyo ukizikuta kwenye mitumba, zinunue pamoja na suruali ya madoadoa ya kufanana nazo. Raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo, na askari wa getini atafurahi kusikiliza maelezo yako ya Vietnam.

Kwenye mitumba, basi, ndiko mwongozo huu unakopata nguvu. Nenda Karume ukiwa Dar, au Gikomba ukiwa Nairobi, ukatafute jozi ambayo haijavaliwa kabisa. Utaipata. Inang'aa, kamba hazijachakaa, meno ya soli bado yana ncha.

“Kaka, hii OG. Ngozi tupu. Mwenyewe hajaivaa hata siku moja.”

Amini kila neno, maana inawezekana anasema kweli, na kweli hiyo ndiyo itakayokuumiza. Buti nyingi za mlimani, hasa zile za bei kubwa kule zilikotoka, zina tabaka la povu la poliyurethani kati ya soli ya chini na ngozi. Povu hilo huliwa na unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, buti ikiwa mguuni au imelala ndani ya boksi. Iliyokaa miaka mingi kwenye stoo ya mtu Ujerumani, ikavuka bahari ndani ya robota, ikafika kwenye joto la pwani, inaweza kuonekana mpya na kufa siku ya kwanza. Haikupi onyo. Unatembea vizuri saa nzima, kisha unasikia kisigino kinapigapiga. Ukigeuka, soli imebaki nyuma na wewe umesimama juu ya unga.

Kwa hiyo usibonyeze. Narudia, ukitaka mwongozo huu ufanye kazi, usikibonyeze kwa kucha kile kiukuta cha povu ubavuni mwa soli, wala usiikunje buti ukatazama kama kuna nyufa nyembamba kama za jaruba lililokauka. Usifunue ulimi wa buti kusoma ile lebo ndogo ambayo mara nyingi ina mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Na usiulize kama povu ni la aina ya EVA, lile jepesi la kwenye raba za kukimbilia, ambalo hubonyea likazeeka lakini haliozwi na unyevu namna hiyo. Maswali kama hayo humfanya muuzaji akuone unajua, na bei hushuka. Soli ikishang'oka, mpelekee fundi viatu aigandishe upya. Fundi mwongo atapokea hela. Fundi mkweli atakwambia gundi haishiki kwenye unga, na huyo utamwona mvivu.

Kuhusu namba sina mengi. Nenda asubuhi, mguu ukiwa haujavimba, na soksi nyembamba ya ofisini. Ukikuta 9 imeandikwa, usijiulize ni ya Marekani au ya Uingereza, ingawa 9 ya Marekani kwa wanaume ni takriban 8 ya Uingereza na 42 ya Ulaya. Ikikubana kidogo, muuzaji atasema itaachia. Wasiopenda kucha nyeusi hununua jioni, wakiwa na soksi ya safari, na huacha nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu, kwa sababu kwenye mteremko mguu husukumwa mbele na vidole hugonga ncha ya kiatu kila hatua. Watu hao utawatambua kwenye picha. Wanacheka.

Usizivae kabla ya siku ya safari, zisije zikachafuka. Soksi ziwe za pamba, zinyonye jasho na kulishikilia hadi ngozi ilainike. Ukisikia mtu anasifia sufi nyembamba kwenye joto, mpuuze. Anataka kurudi na ngozi ya visigino yote.

Kwa mwindaji wa Kenya mjadala ni mfupi: sheria inakataza uwindaji wa burudani, hivyo kiatu chochote kinafaa. Wa Tanzania, ukishapata leseni, chagua soli ngumu inayogonga mawe na ngozi mpya inayolia kila hatua, kanga wapate muda wa kuagana. Rangi iwe bluu iliyoiva au nyeusi. Vitambaa vinavyotundikwa mitini hifadhini kutega mbung'o ni vya rangi hizo hizo, na waliozichagua hawakukisia. Usiwaige Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi: wao huwinda kwa upinde, maana yake lazima wamfikie mnyama karibu sana, na wengi wao huvaa katambuga za matairi.

Hapo kwenye tairi naomba niweke utani kando. Wepesi una mahali pa kuishia. Soli ya povu isiyo na mpira mgumu chini haizuii mwiba mrefu wa mgunga. Unapenya na kukukuta ndani, na mwiba uliovunjikia unyayoni mbali na barabara si kichekesho. Kifutu naye hakimbii akisikia hatua. Hulala njiani akitegemea rangi yake, na akikanyagwa huuma mguu. Buti inayofunika kifundo husaidia kidogo. Kutazama unapokanyaga kunasaidia zaidi, na usiku kambini vaa viatu na ushike tochi hata kama unakwenda chooni tu.

Na kama safari yako ni ya Kilimanjaro, hakuna hata mstari mmoja hapa unaokuhusu. Kileleni, mita 5,895, ni baridi ya kugandisha, na huko buti nzito isiyopitisha maji ndiyo inayotakiwa. Moshi zinakodishwa. Zijaribu siku moja kabla ya kupanda, na mwambie mwenye duka akubadilishie zikikubana.