Anko, Hii Inaingiza Flashi?

Projekta ya marehemu baba mdogo imesifiwa na Mbeya nzima. Wa kuichukua ndiye hajapatikana. Ni Bell & Howell ya mikanda ya milimita 16, nzito kiasi kwamba kila anayeinyanyua hubadili kauli papo hapo. Baba mdogo alizunguka nayo vijijini enzi za sinema za bure, shuka jeupe likitundikwa kwenye ukuta wa ghala na watoto wakiamini kwamba stelingi hafi. Mke wangu naye ana imani yake: chumba cha wageni kilikusudiwa wageni.

Kijana wa Soweto mwenye kibanda umiza alikuja na bajaji. Akaizunguka mashine, akaipiga picha, akachungulia kwenye lenzi. "Anko, hii inaingiza flashi?" Nikamweleza kwamba hii inakula mkanda, picha 24 kila sekunde, na rili ya futi 400 huisha kwa dakika kama 11. Akacheka kwa adabu. Kibandani kwake dakika 11 hazitoshi hata adui kuonyesha sura.

Fundi mmoja wa Mwanjelwa akataka kuijaribu kwanza. Kibao cha nyuma kinasema volti 110, maana ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani. Wetu ni 230, kwa hiyo bila transfoma ya kushusha umeme haichomekwi. Nilikuwa nimefika "transfo—" fundi akachomeka. Balbu ikawaka kwa mwanga ambao naamini hata Mlima Loleza uliuona, kisha giza. "Bosi," akasema akikusanya bisibisi zake, "balbu yako ilikuwa mbovu."

Baada ya hapo wakaja wenye mipango. Mwenye baa alitaka kuitoboa tumbo aifanye taa ya kaunta. MC wa harusi alitaka maharusi wapigie picha pembeni yake, mradi niipake rangi ya dhahabu. Mnunuzi wa chuma chakavu, aliyepita na kipaza sauti chake, ndiye pekee aliyetaja bei: kwa kilo, tukishatoa vioo na plastiki. Sikumwuzia, lakini nilimheshimu.

Ndipo shangazi akapiga simu kutoka Iringa. "Mwanangu, ilete huku. Sisi tunajua kutunza vitu." Sikuwa na hoja. Fuvu la Mkwawa limetunzwa Kalenga tangu 1954, na boma la Wajerumani pale mjini, lililojengwa mwaka 1900, sasa ni makumbusho.

Nikapanda basi na mashine pamoja na mabati ya mikanda. Tulipopita Igawa bati moja likafunguka, na abiria wakaanza kuulizana nani kabeba kachumbari. Mikanda ya zamani ya asetati ikizeeka hutoa harufu ya siki, na ugonjwa huo huambukiza mikanda jirani sandukuni. Nilitoa somo hilo bila kuombwa. Mama wa kiti cha mbele akafungua dirisha. Kwenye mzani wa Makambako, basi liliposimama kupimwa, macho yote yakageukia sanduku langu.

"Kamwene!" Shangazi alitupokea kwa shangwe, mimi na urithi. Akaitazama, akaipapasa, akaipimia ukuta kwa macho. Nilipotoka kunawa nikaikuta imevishwa kitambaa cha kudarizi, na juu yake televisheni.

Jirani anashauri tuipeleke makumbusho. Sina ugomvi na makumbusho, ila huko itakaa kimya, na hii mashine haijafa. Inadai balbu, mkanda wa mpira wa kuzungushia na transfoma, basi. Mwaka 1935, wale wa mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment pale Vugiri, Usambara, walianza kutengeneza filamu za milimita 16 na kuzizungusha kwa lori, sauti ikitoka kwenye santuri. Kama hao waliweza kupiga picha huku na santuri kule, fundi wa leo hana kisingizio.

Kwa hiyo natangaza: bei ni bure. Anayeitaka aje na transfoma, balbu na mtu wa kusaidia kunyanyua. Wa kutoboa asije. Iko Iringa kwa shangazi, na ni bora kufika baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, maana kabla ya hapo hairuhusiwi kusogezwa.