Ndugu Wawili, Lafudhi Mbili

Katika The Lion King, filamu ya Disney ya mwaka 1994, Mufasa na Scar ni ndugu. Mufasa, mfalme mwema, ananguruma Kimarekani kwa sauti ya James Earl Jones. Scar, anayemuua nduguye, ni Mwingereza Jeremy Irons. Mama yao alilea watoto bara gani, hatuambiwi.

Zazu, mtumishi wa ikulu mwenye adabu za kuchosha, ni Mwingereza pia: Rowan Atkinson. Kumbe Mwingereza wa Hollywood ana ajira mbili tu, kupindua serikali au kumsomea mfalme taarifa ya asubuhi.

Wakenya, waliotawaliwa na Waingereza hadi 1963, watauliza hiyo ajira ya kwanza ina uzushi gani.